Bwawa la samaki wa dhahabu: dada yangu, usijaze maji Jumamosi

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Goba, Dar es Salaam:

"Shikamoo mtaalamu. Nyuma ya nyumba nina uwanja wa kama hatua 12 kwa 8, na upande mmoja kuna mwembe mkubwa. Nataka bwawa la samaki wa dhahabu chini ya huo mwembe ili wapate kivuli: mita 3 kwa 2, kina sentimita 40, kisizidi hapo kwa sababu mtoto wangu wa mwisho ana miaka 3. Fundi anasema kuchimba na kupiga plasta ni siku mbili, kwa hiyo Jumamosi ijayo tutajaza maji ya bomba na kuweka samaki 40. Mume wangu anasema tutafuga mbu. Umeme nao unakatika mara kwa mara. Nianzie wapi, na je, naweza kuchanganya na sato wachache wa kula?"

Marahaba, dada yangu. Nimefurahi umeuliza kabla sururu haijagusa ardhi, maana wengi huniandikia samaki wakishaanza kufa. Niruhusu nianze na hiyo Jumamosi, ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Fundi wako hakudanganyi. Shimo la ukubwa huo linachimbika na kupigwa plasta kwa siku mbili, na maji yatakaa. Shida ni maji yenyewe. Saruji ikiwa changa inatoa chokaa, na chokaa hupandisha pH ya maji, yaani kipimo cha ukali wa asidi au chokaa ambacho katikati yake ni 7, hadi 10 na kuzidi, wakati samaki wa dhahabu anastarehe kati ya 7 na 8.5 hivi. Bwawa langu la kwanza nililijaza siku ya nne baada ya plasta, nikaweka samaki 12 jioni ileile. Alfajiri nikatoka na tochi. Niliwakuta wote juu, wanahema kwa midomo, mapezi yameshikamana na mwili, ngozi ina utando mweupe kama waliopakwa maziwa. Nikatia mkono kuwatoa. Maji yalikuwa yanateleza kati ya vidole kama maji ya kufulia yaliyolala kwenye beseni. Ule utelezi ndiyo chokaa yenyewe. Kufika saa tatu asubuhi walikuwa wamebaki wawili. Tangu siku ile maji ya kila bwawa jipya nayasugua kwanza kati ya vidole, hata kama kipimo cha matone kimeshanipa jibu.

Juu ya chokaa kuna klorini ya maji ya bomba. Kwetu ni kinga, lakini kwa samaki inaunguza matamvua, yaani pale anapovutia hewa. Klorini ya kawaida hupungua yenyewe maji yakikaa wazi juani siku moja hadi mbili. Ndiyo maana nitakuomba uwe na simtanki la lita 1,000 pembeni, lenye mfuniko uliofunguliwa na kufungwa neti, la kulaza maji kabla hayajaingia bwawani. Maduka ya samaki wa mapambo huuza pia dawa ya matone yenye sodiamu thiosulfeti, inayoua klorini kwa dakika chache. Uwe na chupa yake ndani kwa siku ya dharura, usiitegemee kila wiki.

Sumu nyingine inatoka kwa samaki mwenyewe, nayo ndiyo inayoua mabwawa mengi zaidi kwa sababu haionekani wala hainuki mapema. Samaki anapohema hutoa amonia kupitia matamvua. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza hutoa amonia zaidi. Kwenye bwawa lililokomaa kuna bakteria wanaoishi juu ya mawe, kuta na sponji ya chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia na mimea inaila. Bakteria hawa hawaji siku moja. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga, na joto letu la Dar huwasaidia kidogo kuwahi. Ukiweka samaki 40 kwenye maji ya siku moja, hakuna wa kuwasafishia, na ifikapo siku ya nne au ya tano wanaanza kuunguzwa na uchafu wao wenyewe. Tena amonia na chokaa hushirikiana: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Bwawa jipya la saruji lenye samaki wengi linawapiga mara mbili.

Kwa hiyo ukichimba wiki hii, samaki wanaingia baada ya wiki kumi hadi kumi na mbili hivi. Najua ni muda mrefu kwa watoto wanaochungulia kila asubuhi. Lakini uko Juni, masika yameisha, udongo umekauka na jua si kali. Kazi ya zege inapenda majira haya, na samaki watapata miezi miwili au mitatu ya kuzoea kabla joto la Desemba halijashika.

Sasa kina. Nimeelewa kwa nini unataka sentimita 40, na suala la mtoto nitalirudia kwa undani kwa sababu kina kifupi hakimlindi. Kwa samaki, sentimita 40 ni karai. Mita 3 kwa 2 kwa kina hicho ni lita 2,400, na jua la Februari litayachemsha hayo hadi jioni. Vitabu vingi vya ufugaji wa samaki hawa vimeandikwa kwenye nchi za baridi, vinahimiza kina ili maji yasigande hadi chini. Sisi tunahitaji kina kwa sababu iliyo kinyume: maji mengi huchelewa kupata moto, na chini hubaki pahala pa kukimbilia. Samaki wa dhahabu ni mtu wa maji ya ubaridi. Anafurahi kati ya nyuzi 18 na 24, anavumilia 30, lakini huko juu anaishi kwa kubana. Maji ya nyuzi 20 hushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hayashiki zaidi ya 7.5 hivi. Na wakati hewa inapungua majini, mwili wa samaki uliopata moto unadai hewa zaidi. Usiku mambo huwa mabaya zaidi, kwani mimea na ule ukijani wa majini navyo huvuta oksijeni giza likiingia. Saa ya hatari ni saa kumi na moja alfajiri, wakati wewe umelala. Samaki wakifa kwa kukosa hewa karibu kila mara utawakuta asubuhi, na wakubwa ndio wanaotangulia.

Nataka upate maji ya kina cha sentimita 80. Hapo una lita 4,800, na hesabu ninayoitumia mimi ni lita 200 hadi 300 kwa kila samaki atakayekua. Ukichukua lita 300 ni samaki 16, na kwa sababu ya joto letu ningeanza na 8, baada ya miezi mitatu niongeze hadi 12, kisha niache hapo. Ninajua 40 walikuwa wanapendeza kichwani. Lakini hao wa dukani wenye urefu wa kidole ni watoto. Kwenye bwawa zuri samaki wa dhahabu wa kawaida hufikia sentimita 25 hadi 30, na huishi miaka 10 hadi 20. Kuna mmoja Uingereza aliyeitwa Tish, alipatikana kama zawadi kwenye michezo ya maonyesho mwaka 1956, akafa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Kwa hiyo kitinda mimba wako anaweza kumaliza chuo na samaki wake bado yupo. Nane wanaong'aa, wanaokuja mkononi ukiwaita, wana raha kubwa kuliko arobaini wanaotweta.

Mwembe nao tuuhamie kidogo. Kivuli umewaza vizuri, ila bwawa lisikae chini ya matawi. Majani ya mwembe huzama na kuoza, maua yake huanguka kama pumba, na embe moja bovu chini ya maji linakula oksijeni ya usiku mzima. Mizizi nayo itafika kwenye zege lako bila haraka, na siku moja utaona ufa. Simama chini ya mti saa tisa alasiri uangalie kivuli kinapolala. Jua la alasiri hadi jioni hupiga kutoka magharibi, kwa hiyo kivuli cha alasiri huangukia mashariki ya mti. Weka bwawa huko mashariki, nje ya ncha za matawi, angalau mita 5 kutoka kwenye shina. Litapata jua la asubuhi, ambalo mimea inalihitaji, na kivuli kile cha saa mbaya. Uwanja wako ni kama mita 9 kwa 6, unatosha. Saa za mchana kati ongeza neti ya kivuli juu ya nusu ya bwawa, ile nyeusi au ya kijani ya kwenye vitalu vya miche.

Angalia pia shimo la choo liko wapi, bwawa likae mbali nalo na upande wa juu wa mteremko. Goba ni vilima, na mvua za vuli hushuka na kila kitu cha jirani: mafuta ya gari, sabuni, dawa za bustani. Maji hayo yasiingie kabisa. Hii ndiyo sababu mojawapo ya ujenzi ninaokupendekezea, wa nusu chini nusu juu.

Mwambie fundi achimbe sentimita 60 tu kwenda chini. Vipimo vya ndani vibaki mita 3 kwa 2, na shimo liwe mita 3.6 kwa 2.6 ili ukuta uenee na ibaki nafasi kidogo nje yake. Ashindilie udongo wa chini kwa maji na gogo, amwage zege la sentimita 10 kwa uwiano wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), na katikati ya zege alaze wavu wa chuma wa BRC uliobebwa na vijiwe ili usilale kwenye udongo. Ukiwa chini kabisa wavu hausaidii chochote, na mafundi wengi huulaza hivyohivyo. Zege hilo literemke kidogo kuelekea kona moja, sentimita 4 au 5 kwa urefu wote, na kwenye kona hiyo pawekwe bomba la inchi 2 la kutolea maji, lenye koki nje. Kisha anyanyue tofali nzito za inchi 6 hadi ukuta uwe sentimita 45 juu ya ardhi. Huo ni urefu wa kiti, na mtaukalia jioni. Sentimita 12 chini ya ukingo atoboe bomba la kupumulia, lenye wavu mdogo, ili mvua kubwa ikija maji ya ziada yatoke na samaki wabaki. Ukingo wenyewe apime kwa pima maji pande zote nne. Bwawa lililoinama sentimita 3 tu litakukera macho kila siku kwa miaka, kwa sababu maji hayafichi kosa.

Plasta iwe ya moja kwa tatu, mikono miwili, yaani matabaka mawili, na dawa ya kuzuia maji ichanganywe kwenye saruji. Kona za ndani zisiwe kali, azizungushe kwa chupa ya soda. Ufa hupenda kona kali na uchafu nao hulala hapo. Amalizie kwa niru, yaani uji wa saruji tupu. Baada ya hapo usimruhusu aondoke na kuacha plasta ikaukie juani. Ifunikwe magunia, yamwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7.

Ndipo kuosha chokaa kunaanza. Jaza maji ya bomba yoyote hadi juu, acha wiki moja, fungua koki, sugua kuta kwa brashi ngumu na siki, suuza. Fanya hivyo mara tatu kwa jumla. Maji hayo hayafai kwa mchicha, yamwage mbali na bustani. Jazo la nne lipime: pH ikiwa chini ya 8.5 na ikabaki hapo siku tatu mfululizo, bwawa limepona.

Wengine watakuambia uachane na zege, utandike ile karatasi nzito nyeusi ya mabwawa inayouzwa kwa unene wa milimita 0.5, 0.75 na 1. Ni njia nzuri kwa mpangaji, au kwa udongo unaotitia. Haina chokaa, na bwawa hukamilika siku moja. Hesabu yake ni urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kukunjia, na upana vivyo hivyo. Kwako ingekuwa mita 5.2 kwa 4.2. Mimi ningebaki na zege kwa sababu ya ukuta ulionyanyuka, na kwa sababu panya na mizizi ya mwembe hawaiheshimu plastiki.

Mtoto sasa. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika magotini mwake, tena kimyakimya, bila hata kupiga kelele. Sentimita 40 au 80 kwake ni hatari ileile. Ukuta wa sentimita 45 unamchelewesha, haumzuii. Ninachokuomba usikijadili na fundi wala na bajeti ni fremu ya chuma yenye wavu mzito wa matundu ya sentimita 5, ilalie juu ya ukingo na kufungwa kwa kufuli, imara kiasi kwamba mtu mzima akiupanda haubonyei. Utiwe rangi nyeusi, baada ya wiki mbili macho hayauoni tena. Iwe imefungwa kabla ya jazo la kwanza, hata kama samaki bado. Wavu huohuo utawazuia paka, kenge na yangeyange. Mdiria ni mwembamba na mwerevu, anaweza kupita kwenye tundu, kwa hiyo miezi ya mwanzo samaki wakiwa wadogo tandaza juu yake neti laini.

Mbu: mume wako ana hoja, na Dar tumeshaona dengi mwaka 2014 na 2019. Lakini bwawa lenye samaki ni mahali pabaya sana kwa mbu kutaga. Samaki wa dhahabu hula viluwiluwi kwa pupa, na maji yanayotikiswa na pampu hayampi mbu utulivu anaoutaka. Hatari iko kwenye zile wiki ambazo bwawa lina maji na halina samaki, na kwenye makopo, ndoo na vifuu vilivyoachwa na mafundi, ambavyo mbu wa dengi anavipenda kuliko bwawa lolote. Wiki za kuosha chokaa hazina shida, maji unayamwaga kila siku ya saba. Wiki za kukomaza tumia kiuadudu cha kibaiolojia cha viluwiluwi, cha aina inayotengenezwa kiwandani Kibaha. Kina bakteria wanaoua viluwiluwi na hakidhuru samaki watakaokuja. Dawa za kupuliza nyumbani ni habari nyingine kabisa. Dawa nyingi za mbu, mende na mchwa zina viambata ambavyo tone dogo linaua samaki wote wa bwawa. Siku ya kupuliza, au jirani akipiga dawa ya mchwa kwenye msingi wake, funika bwawa kwa turubai.

Pampu iwe ya kuzamisha, ya lita 2,500 hadi 4,000 kwa saa, ili maji yote yazunguke kila baada ya saa moja au mbili. Yenye wati 40 ikikesha mwezi mzima inakula uniti 29 hivi. Isukume maji hadi kwenye chujio, na chujio utalitengeneza mwenyewe: pipa la plastiki la lita 150 lisilowahi kuwa na kemikali, maji yaingie chini, yapite kokoto kubwa, kisha sponji mpya tabaka tatu, yatokee juu na kurudi bwawani kwa kuanguka kama kijito. Kule kuanguka ndiko kunakoingiza hewa. Ndani ya sponji ndimo wanamoishi wale bakteria, kwa hiyo siku ya kuisafisha iminye kwenye ndoo ya maji ya bwawani. Ukiiosha kwa maji ya bomba unawaua na kuanza upya wiki sita. Fundi umeme afunge ile swichi inayokata yenyewe mkondo ukivuja, na hata ikiwepo, zima pampu kabla hujatia mkono majini.

Umeme ukikatika mchana usihangaike. Ukikatika usiku wa joto, hapo ndipo samaki 8 kwenye lita 4,800 watakushukuru, maana wana akiba. Hata hivyo nunua pampu ndogo ya hewa ya wati 5 na betri ya volti 12 ya amperi-saa 7, inayochajiwa na paneli ndogo ya sola. Inatosha usiku kucha. Ukiwakuta wanahema juu na huna chochote, chota maji ya bwawa kwa ndoo, nyanyua hadi begani na uyamwage yaanguke kwa kishindo, ndoo thelathini, pumzika, rudia. Nimewahi kuokoa bwawa zima hivyo na kijana wangu, tukipokezana hadi jua likatoka.

Kukomaza bwawa ni rahisi: washa pampu, kila siku tia chakula cha samaki kiasi cha kiganja, kama vile samaki wapo. Kitaoza, kitatoa amonia, na bakteria watakuja. Ukimpata mtu mwenye bwawa zima la muda mrefu, mwombe kipande cha sponji yake chafu, utaokoa wiki mbili. Pima kila siku ya nne. Amonia itapanda na kushuka, naitraiti itafuata kupanda na kushuka. Zote mbili zikisoma sifuri kwa wiki nzima, badilisha nusu ya maji ndipo uende dukani. Maji yakigeuka kijani katikati ya safari usishtuke na usiyamwage. Ni jua na mbolea ya majini, yanatulia mimea ikishika.

Mimea naipenda yungiyungi kuliko yote. Majani yake hufunika uso wa maji bila kuuziba, na maua hufunguka asubuhi. Ipande kwenye beseni lenye udongo mzito na kokoto juu, vinginevyo samaki watalifukua. Ifunike nusu ya bwawa. Mtu akikuletea gugu maji kwa sababu lina ua zuri la zambarau, mshukuru na ulikaushe juani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Ziwa Victoria linahangaika nalo, na mto wowote ulio chini ya kilima chenu hauhitaji kuanza safari hiyo. Samaki nao hivyohivyo, wakizidi wape majirani, usiwaachie mtoni.

Dukani chagua wale wa mwili mrefu: wa kawaida, kometi mwenye mkia mrefu, au shubunkini mwenye madoa ya bluu. Wale wa tumbo la mviringo kama oranda na wenye macho yaliyotoka ni wazuri kwenye tangi la kioo, lakini ni wazito wa kuogelea na huzidiwa mapema na joto. Chungulia tangi zima kabla ya kulipa. Mmoja akiwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, au amekaa kona mapezi yamefungwa, usinunue hata mzima aliye naye. Waweke wiki mbili kwenye beseni kubwa lenye hewa ndipo wahamie bwawani.

Rangi yao, kama hujui, ni kazi ya Wachina wa enzi za Song, zaidi ya miaka 800 iliyopita, waliochagua wekundu na wa njano kutoka kwa samaki wa rangi ya matope. Nakuambia kwa sababu wakizaana kwako vitoto vitazaliwa vyeusi vya kijivu, na wengine hudhani chura ametaga. Hugeuka dhahabu kadiri miezi inavyokwenda, na wachache hubaki na rangi ya mababu zao.

Sato usichanganye. Ni wakali, watawang'ata mapezi, wanazaana hadi bwawa linajaa, na wanachafua maji mara nyingi zaidi ya ulivyohesabu. Kambale ndiyo kabisa, atawala wote. Ukitaka sato wa kula jenga pipa lao peke yao, na swali hilo niandikie tena, nina mengi ya kukuambia.

Chakula kiwe kidogo, asubuhi na jioni, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi kama letu, hula akiwa ameshiba na hajui kukataa. Mara mbili kwa wiki wape njegere zilizochemshwa na kumenywa ganda, au mchicha uliopitishwa maji ya moto. Mkate na ugali hapana, watoto waambiwe mapema. Kila wiki toa asilimia 15 ya maji, kama lita 700, kwa koki ya chini, na urudishe yaliyolala kwenye simtanki. Hayo unayotoa yapeleke kwenye migomba na mchicha, ni mbolea safi.

Siku ya kuwahamisha iwe jioni, jua likiwa limepoa. Watie kwenye mfuko wenye maji ya beseni, uelee juu ya maji ya bwawa dakika 20, kisha ufungue na uongeze kikombe cha maji ya bwawa kila baada ya dakika tano, mara nne au tano. Wachote kwa mkono uwaachie bwawani, maji ya mfuko yasiingie. Watazama chini ya yungiyungi na hutawaona. Usiwape chakula usiku huo. Weka kengele saa kumi na moja alfajiri, toka na tochi bila kuwaamsha watoto, umulike uso wa maji: ukiwa mtupu na shwari, wako chini wanahema vizuri, rudi ukalale.